Kadi Yangu Ndani ya Jagi la Maalim

Jamani, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujibanza nyuma ya mlango mpaka wageni waondoke. Hii ni aibu ya kipaza sauti. Bwejuu nzima imesikia, na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea Paje, na Paje nao wamesikia.

Nawaandikieni kutoka chumbani kwa mama mkwe wangu. Nimekaa kitandani, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Nje wanakula biriani. Mie sahani yangu nimeletewa humu ndani, kama mzazi wa siku tatu. Basi nimeona nikusimulieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Watu wataongeza chumvi, na chumvi ya kisa hiki inatosha.

Haya, nisikilizeni.

Kwa wasionijua, mie naoka keki. Nakaa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya pili, kwenye ngazi za mbao zinazolia kuliko mtoto mchanga. Oveni yangu ni ndogo na ina hasira. Inaunguza upande wa kushoto. (Keki zangu zote mnazozisifia humu mtandaoni zimepigwa picha kwa upande wa kulia. Sasa mmejua.) Kwa hiyo nataka oveni kubwa. Benki wamekubali kuninunulia, mie niwalipe kidogo kidogo, ila kwanza wanataka kujua mie ni mtu wa namna gani. Nikikopa, nalipa?

Wakaangalia rekodi yangu ya mikopo. Haina kitu. Hakuna kibaya, hakuna kizuri. Mie nikakaa kitako nikitabasamu, nikidhani huo ndio usafi wenyewe. Yule dada wa benki akanitazama kwa huruma.

"Dada Ruzuna, mtu ambaye hajawahi kukopa, sisi hatujui akikopa atakuwaje."

Kumbe! Basi akaniwekea mezani karatasi za kadi mbili za mkopo nichague. Moja ya rangi ya dhahabu. Jamani, inapendeza! Ukiwa nayo unapumzika bure kwenye chumba cha wakubwa uwanja wa ndege. (Nnakwenda wapi mie na ndege? Bwejuu?) Ada yake ya mwaka niliisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana tatizo. Nyingine ya kijivu, haina sura wala bashasha, ada yake ndogo, na kiasi unachoruhusiwa kutumia ni kidogo pia. Nikamuuliza swali moja tu.

"Riba inaanza kuingia lini?"

"Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya kila mwezi, haiingii hata senti. Ukilipa nusunusu, ndipo inapoanza. Na ukichelewa, linaandikwa kwenye rekodi yako, kila benki italiona."

Nikachukua ya kijivu. Tukapanga na Makame, mume wangu: kadi hii ni ya unga na sukari tu, na deni linalipwa lote kabla ya siku yake. Zile nambari tatu za nyuma, ambazo mwizi akizipata anaweza kununulia vitu mtandaoni, nikazifunika kwa stika ya ua la waridi. Nilikuwa makini, jamani. Nataka mlijue hilo kabla hatujafika mbali.

Aliyekuwa hajui chochote ni mama yake Makame.

Bi Mize ni mama mkwe ambaye kila mwanamke angeomba ampate. Lakini yeye na deni hawaivi chungu kimoja. Ukitaja neno mkopo anashika kifua. "Kukopa harusi, kulipa matanga," anasema, na hapo mtu kaomba kuazima kibiriti tu. Sasa mwanamke kama huyo utamwambiaje kwamba mkwewe ana kadi ambayo jina lake lenyewe ni mkopo? Nikanyamaza. Nilisema nitamwambia siku oveni itakapofika, akiwa na kipande cha keki mdomoni, hawezi kusema sana.

Na mie nina ugonjwa wangu. Ugonjwa wa vibati vya keki. Nikiona kibati cha umbo la moyo kwenye simu, mkono unaniwasha. Nikiona cha umbo la nyota, yote miwili. Wiki iliyopita hali ilikuwa mbaya, nikaona bora niiweke kadi mahali ambapo mpaka niipate, hamu itakuwa ishanitoka. Nikaiosha kwa sabuni. Nikailaza ndani ya kopo tupu la siagi. Nikaimiminia juisi ya ukwaju, nzito, maana maji matupu yangeonyesha. Nikalitia kopo ndani ya friza.

Nilitaka kununua kitu? Ningoje kwanza ukwaju uyayuke! Nilijiona nina akili kuliko benki yenyewe. Nilifunga friza nikaipigapiga kwa upendo.

Sasa leo.

Leo ni harusi ya wifi yangu Wahida, dada yake Makame, huku Bwejuu kwao. Bwana harusi ni kijana wa Uroa, mtu mzuri, mpole. Bi Mize alikuja mjini kununua vitu, akalala kwetu, na alfajiri akaondoka na Makame na gari iliyojaa masufuria. Mie nikabaki kuipamba keki nije nayo baadaye. Nikafungua friza kuchukua krimu.

Friza tupu! Krimu imebaki peke yake kwenye kona, inatetemeka. Barafu zote hakuna. Kopo la siagi hakuna.

Nikapiga simu.

"Naam," akaitika Bi Mize. Nyuma yake nasikia mchi unatwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keki ishakamilika?"

"Inakamilika. Mama, kwenye friza kulikuwa na kopo la siagi..."

"La ukwaju? Ninalo huku! Nimebeba barafu zote, umeme wa huku umekatika tokea jana. Ukwaju wako nshautumbukiza kwenye ndoo na ule wa wenzako. Nimeulamba pembeni, mwanangu, mtamu! Umetia nini?"

(Nimetia plastiki, mama.)

Wallahi nilitaka kusema kweli. Nilifungua mdomo. Kikatoka:

"Iliki."

"Mashaallah," akasema, akakata simu.

Nikampigia Makame. Haipatikani. Baba yao alishafariki, kwa hiyo leo Makame ndiye walii wa dada yake, yeye ndiye wa kumuozesha. Kashazima simu, kashavaa kanzu, keshakuwa mtu mkubwa.

Nikaita teksi. Bwana Faki, dereva wetu wa mtaani, akaja. Nikakaa nyuma, keki magotini.

Njia nzima nafikiri. Kadi ikielea, nani ataiona kwanza? Watoto wataichezea kwenye matope. Hilo si baya. Lakini akiiona mjuzi? Akaenda nayo? Akanunua simu, akanunua televisheni, deni likaja kwa jina langu, mie niseme nini benki? Kwamba kadi yangu imenywewa? Tarehe itapita, rekodi itachafuka, na oveni kwaheri. Na kadi yenyewe imeandikwa jina langu kwa herufi zilizovimba. Hata kipofu angeisoma kwa kidole.

Tukafika msitu wa Jozani. Kima punju wakaamua kuvuka barabara. Si mmoja. Ukoo mzima, na wajukuu. Jike moja likakaa katikati ya lami, likaanza kumchagua mwanawe chawa.

"Bwana Faki, piga honi."

"Hapa hapapigwi honi, bi. Hawa wana haki zao."

"Bwana Faki, kuna kitu kinayayuka."

Akageuka haraka. "Keki?"

"Hapana. Ndiyo. Keki."

Akaniwashia kipoza hewa mpaka mwisho, masikini. Nikafika Bwejuu meno yanagongana.

Nyumba imejaa. Kwa kuwa msikiti wa karibu unajengwa upya, nikaha ikawekwa nyumbani. Wanaume wako mbele, chini ya turubai, wamekaa mikekani kwa mistari. Wanawake tuko ndani na uani. Nikakabidhi keki (upande wa kushoto umegeuziwa ukutani), nikasalimia niliowasalimia, nikapita moja kwa moja uani.

Ndoo tatu za ukwaju zimejipanga kivulini. Mbele yake kakaa Bi Kazija, shangazi yake Makame, upawa mkononi. Bi Kazija akilinda kitu, hata nzi anaomba ruhusa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Kima. Shangazi, naomba ukwaju kidogo, kiu imenishika."

Akanichotea kutoka ndoo ya kwanza. Nikanywa mpaka chini, jicho moja ndani ya gilasi. Hakuna kitu.

"Nyingine, shangazi. Ile ndoo ya pili."

Akanitazama. Akachota. Nikanywa. Hakuna.

"Na ya tatu?"

"Ruzuna, una mimba?"

Wanawake wote wa uani wakageuka. Mmoja akaanza kupiga kigelegele, nikamzuia kwa mkono.

"Hapana, shangazi! Ni joto tu."

"Mtu anayetetemeka meno anasema joto," akasema Bi Kazija, lakini akachota. Nikanywa na hiyo. Tumbo langu sasa lilikuwa ndoo ya nne. Alipogeuka kumjibu mtu, nikavuta pumzi, nikakunja mkono wa gauni, nikauzamisha mkono ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko, nikaanza kupapasa.

"YALLAH! Anaosha mikono ndani ya juisi!"

Nikautoa. Unachuruzika. Wanawake wamenikodolea macho kama nimekamatwa na jogoo la mtu kwapani.

"Natafuta... barafu," nikasema. "Kile kipande changu. Cha ukwaju ulioganda. Kilichokuja na kopo la siagi."

"Si ungeuliza!" akasema Bi Kazija. "Kile kilikuwa kikubwa, hakijayayuka, nimekitia kwenye jagi la Maalim wa kufungisha ndoa. Sauti yake imekauka, na nikaha haijaanza. Wakubwa nao wapate baridi."

Sijui kama mnaujua ule ukimya wa masikioni kabla ya mtu kuzimia. Niliusikia.

Halafu nikasikia kingine.

"Halo. Halo. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?"

Kipaza sauti cha betri. Sauti yenyewe niliitambua, maana ilikuwa inakaribisha wageni nilipokuwa naingia: Mzee Pandu, mjomba wa bwana harusi. Kwao Uroa ndiye anayetangaza mechi za mpira wa kijiji. Ukimpa kipaza sauti umempa dunia.

"Ndugu waislamu, kabla hatujaanza jambo letu tukufu, kuna kitu kimeokotwa. Maalim alikuwa anamiminiwa juisi hapa, na ndani ya gilasi yake kimeingia... kadi! Kadi ya benki, ndugu zangu! Ndani ya juisi!"

Turubai zima likanguruma.

"Tulieni. Tunatafuta mwenyewe. Ina jina hapa, ngoja nivae miwani. Ru... Ruzuna. Ruzuna Khatibu Ame! Bi Ruzuna kama upo, kadi yako imefika salama!"

Wanawake wote uani wakanitazama. Ukwaju bado unanichuruzika kwenye kiwiko.

Ningekaa kimya, pengine ingekwisha pale. Ningemtuma mtu akaichukue. Nilikuwa nimeshaanza kumtafuta wa kumtuma. Lakini Mzee Pandu hakuwa amemaliza. Mtangazaji wa mpira hamalizi mpaka kipenga kilie.

"Pengine wako wakina Ruzuna wawili," akaendelea. "Basi ili tuwe na uhakika, nitasoma na nambari. Mwenye kadi afuatishe na nambari yake. Tano! Mbili! Nne..."

Miguu yangu iliondoka kabla yangu.

"...moja! Saba! Na hapa nyuma, ngoja, pana stika ya ua. Ngojeni niibandue, pengine chini yake pana..."

"USIBANDUEEE!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilipita jikoni, nikapita sebuleni, nikapita kwa bi harusi aliyekuwa anapakwa wanja (alinambia baadaye aliona upepo wa rangi ya zambarau), nikatoka mlango wa mbele, nikaingia upande wa wanaume. Mie! Mwanamke mtu mzima! Mtandio umebaki kwenye kitasa cha mlango. Wanaume wanafungua njia kama wameona ng'ombe kakata kamba.

Makame nikamuona. Kakaa mbele kabisa, goti kwa goti na bwana harusi, tayari kushikana mikono. Alitaka kuinuka. Maalim akamwekea mkono begani: "Tulia, walii." Akatulia. Lakini uso wake ulikuwa unanambia mengi.

Ningefika salama. Naapa ningefika. Kilichoniponza ni viatu. Wanaume wa Unguja wakivua viatu ukingoni mwa mkeka wanajenga mlima. Nikaupanda huo mlima, kandambili ikateleza, mguu ukapinda, nikaruka hewani, nikatua kifudifudi baina ya bwana harusi na Maalim, miguuni pa Mzee Pandu. Mkono wangu mmoja ukakamata kadi. Wa pili ukakamata kipaza sauti.

Na kwa kuwa niliona macho ya Maalim yako kwenye ile kadi, na mie namheshimu sana Maalim, nikaona nijitetee haraka. Nikasahau nimeshika nini. Basi Bwejuu nzima, na Paje, ikasikia:

"HAINA RIBA, MAALIM! NALIPA YOTE KABLA YA TAREHE!"

Mbuzi akalia mahali fulani.

Maalim akamtazama Makame. "Huyu nani?"

"Mke wangu," akasema Makame, kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani.

Maalim akaitazama gilasi yake. "Na juisi hii, bi, ni salama?"

"Niliiosha kwa sabuni, Maalim."

"Juisi?"

"Kadi."

Akafikiri kidogo. Akainywa. Akasema, "Ina iliki," na hapo ndipo turubai zima lilipopasuka kwa kicheko. (Kumbe Bi Kazija alitia iliki ya kweli kwenye ndoo zote. Mungu hamwachi mja wake.) Walicheka wazee, wakacheka vijana. Bwana harusi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafumbua mdomo kwa hofu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Nikajaribu kusimama. Mguu ukakataa. Ndipo nikaona kanga inanifunika kichwa na mabega, na mkono wenye nguvu za kuvuta mwani baharini unanikamata kwapani. Bi Mize.

"Ni mkwe wangu huyu," akawaambia wanaume. "Nipeni njia. Nyinyi endeleeni na ndoa."

Akanikokota mpaka chumbani. Mie nalia kimyakimya. Si mguu, jamani. Nilijua nimekwisha. Yeye mbele ya ukoo wa wakweze wapya, siku ya harusi ya mwanawe wa pekee wa kike, mkwewe katangaza kwa kipaza sauti kwamba ana deni.

Akanikalisha kitandani. Akafunga mlango.

"Mama," nikasema, "nitakueleza yote. Lakini nambari zimesomwa mbele ya watu. Niruhusu kwanza nipige benki."

Akaashiria kwa kidevu: piga. Simu yangu, spika ya sikioni ilishakufa, inafanya kazi kwa sauti kubwa tu. Kwa hiyo na yeye akasikia yote.

Dada wa benki akapokea, sauti ya asali. Baada ya kuniuliza maswali ya kuhakikisha mie ni mie, akasema, "Unahofia taarifa za kadi yako zimevuja. Zimevujia wapi, dada? Kwenye mtandao?"

"Kwenye kipaza sauti."

"Samahani?"

"Harusini. Mtu alikuwa anazisoma."

"Na yeye kadi aliipata wapi?"

"Kwenye jagi la juisi."

Nikamsikia anameza kitu, nadhani kicheko. "Na ilifikaje kwenye jagi, dada Ruzuna?"

Nikamweleza. Friza, kopo, ukwaju, vibati. Nilipomaliza akakohoa. "Dada, kwenye simu yako, katika programu yetu, kuna sehemu ya kuifunga kadi kwa muda. Unabonyeza mara moja. Haifanyi kazi mpaka uifungue mwenyewe."

Mie na Bi Mize tukatazamana.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku uliyopewa kadi."

Nyamazeni. Naomba mnyamaze.

Lakini acheni nimsifu dada yule, maana hakunicheka, na kazi yake aliifanya. Aliifunga kadi papo hapo. Akaangalia: hakuna aliyeitumia. Atanitengenezea mpya yenye nambari nyingine. Nikamuuliza lililokuwa linanikaba.

"Na rekodi yangu? Itachafuka? Nina maombi ya oveni huko kwenu."

"Hapana, dada. Kupoteza kadi si kosa la kulipa, na umeripoti mapema. Deni lako hivi sasa ni sifuri, na malipo yako yote yamefika kabla ya tarehe. Rekodi yako ni nzuri. Endelea hivyo hivyo." Akasita. "Bila ukwaju."

Nikakata simu. Nje nasikia Maalim kaanza khutba ya nikaha.

"Sifuri," akasema Bi Mize polepole. "Maana yake hudaiwi?"

"Sidaiwi, mama. Nakopa ya unga, nalipa kabla haijapoa. Ni ya kuwaonyesha kwamba nikikopa nalipa, ili waniamini na oveni. Niliogopa kukwambia. Nisamehe."

Akakaa kando yangu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na mie nikaongeza kulia. Kumbe anacheka! Bi Mize anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga!

"Unajua mie nilidhani nini? Niko jikoni, nasikia jina lako kwenye kipaza sauti, upande wa wanaume, na Makame yuko huko huko mbele ya Maalim. Nikasema, lahaula! Mwanangu kamtaliki mkewe mbele za watu, siku ya harusi! Ndiyo nikatoka na kanga. Nilikuja kumpiga yeye."

"Ungempiga walii, mama?"

"Ningempiga na Maalim."

Tukacheka, jamani, tukacheka mpaka kitanda kikalia. Halafu vigelegele vikapasuka nje: Wahida keshaolewa. Bi Mize akainua mikono akaomba dua kwa binti yake, kisha, nilisikia kwa masikio yangu, akaniombea na mie oveni. Mwanamke anayeshika kifua akisikia neno mkopo! Kabla ya kutoka akaniambia, "Jambo lako usinifiche tena. Mie deni silipendi. Lakini wewe nakupenda." Nilimbusu mkono.

Sasa hivi ametoka, kaniachia barafu ya mguu na pande la nyama la kwenye biriani ambalo najua lilikuwa la bwana harusi. Makame kapita mara mbili kunichungulia. Mara ya kwanza alisema "Pole." Mara ya pili aliegemea mlango akacheka hadi kanzu ikakunjika, na mie nikamrushia mto. Nashukuru ni mume ambaye anacheka. Wako ambao wangekasirika.

Na Mzee Pandu naye kaja mlangoni, kofia mkononi, bila kipaza sauti nusu simtambui.

"Nilitaka kusaidia tu, mwanangu. Na hizo nambari nshazisahau. Hata ya simu yangu siijui."

"Hakuna neno, mzee."

Akageuka kuondoka, akarudi. "Binti yangu anaolewa mwezi wa Mfunguo Sita. Keki utatengeneza wewe. Mwanamke anayepiga mbio namna ile kulinda jina lake, keki yake haitachelewa."

Basi ndugu zangu, hali ndiyo hiyo. Mguu unauma, tumbo limejaa ukwaju wa ndoo tatu, kadi imefungwa, jina langu ni safi, na nimepata mteja. Alhamdulillahi. Nina mengi ya kushukuru na mahali pachache pa kuficha uso.

Najua mtacheka, siwezi kukuzuieni. Ila nasikia kuna mtu alirekodi. Ndugu yangu, popote ulipo, kile kipande cha kuanguka kifute. Cha kukimbia kiache. Lile gauni lilinikaa.